Dobi Aliyekataa Kukaa

Mimi sikutaka kuandika haya. Ni yule afisa ustawi wa halmashauri aliyeniganda kama kupe: "Bibi, tuandikie habari za mzee Dobi, tuzitie kwenye jarida letu, watu wa mji wajue fedha za nyumba ya wazee zinafanya kazi gani." Nikamuuliza, kwa nini Dobi? Mimi sina habari? Akacheka tu. Basi naandika, ila mjue kalamu nimeishika ukubwani na mkono unaniuma. Mtakaporuka mstari, mjue mmeruka jasho langu.

Haya. Dobi.

Huyu mzee amepiga pasi maisha yake yote. Pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo mbele. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna bwana harusi mji huu aliyefika kwa mkewe bila kupitia kwanza mikononi mwake. Anayasema hayo kila siku, hata kama hukumuuliza. Mkewe alitangulia mbele ya haki, watoto hawakujaaliwa, kibanda kikabomolewa kupisha barabara. Akaja hapa kwenye nyumba ya wazee wasio na uwezo akiwa na vitu viwili: pasi yake na maringo yake.

Sasa vidole vimekakamaa. Mpini wa pasi anaushika, kifungo hakiwezi. Kila asubuhi anafungwa vifungo vya shati na Winchi, naye anakodolea macho ukuta kana kwamba shati linajifunga lenyewe.

Winchi ni mhudumu wetu, mama mmoja mwenye mikono kama mihimili, analipwa na halmashauri atusaidie kuoga, kuvaa na kuinuka. Tumempa jina hilo kwa sababu akikuinua, unajikuta umesimama kabla hujamaliza kulalamika. Mimi simhitaji sana. Huwa namwacha aniinue ili asijione hana kazi.

Siku moja msimamizi wa nyumba akaja na uso uliosawijika. Akasema kesho anakuja afisa mpya kutukagua. Bajeti imebana, na nyumba ambayo wazee wake wanajiweza, mhudumu wake atahamishwa.

Watu wenye akili wangejilaza wakaanza kugumia. Sisi tukafanya usafi. Mgeni anakuja, jamani! Dobi akawasha mkaa, akapiga pasi mashuka, akapiga mapazia, akapiga mpaka soksi za mzee mwenzake ambazo zilikuwa bado miguuni. Mimi nikatoa wazo, na mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri: Winchi asionekane. Mgeni akitukuta tunafungwa vifungo kama watoto wa chekechea, uso tutauweka wapi?

"Anakuja kuangalia kama nina kazi," Winchi akasema, "halafu mimi nijifiche?"

"Leo tu, mwanangu," Dobi akambembeleza.

Tukamficha chumba cha kufulia na chai yake.

Mimi nikakalishwa kwenye sofa la diwani. Hilo sofa tulipewa na diwani mmoja, akaja na wapiga picha, akaondoka nao. Sisi tulikuwa tumemwomba viti virefu vya mbao. Ni laini mno, halikalishi mtu, linammeza. Lakini ndilo la heshima, na mwenye heshima pale ni mimi. Nikakaa. Nikazama.

Dobi akakataa kukaa kabisa. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi wa kukata mkate.

Afisa akafika, kijana wa suruali ya kubana. Akatuamkia vizuri, tukaitikia vizuri zaidi.

"Mzee, kaa basi."

"Niko sawa."

"Miguu haikuumi?"

"Miguu haina neno. Suruali ndiyo itaumia."

Kijana akacheka, akaandika. Akanigeukia mimi. "Bibi, unaoga mwenyewe?"

"Ulitaka nioge na nani?"

"Na kuvaa?"

"Kwani umenikuta uchi?"

Wenzangu wakaangua kicheko, kijana akaandika tena, nami nikajiona nimemweza. Mwishowe akafunga kalamu yake. "Wazee wangu, hongereni! Mko imara kuliko mimi. Mhudumu wenu tutampeleka kwenye nyumba yenye shida."

Tukapiga makofi. Dobi ndiye aliyeacha kwanza. Akainamisha kichwa, akavitazama vifungo vya shati lake kimoja kimoja. Lakini nani aseme?

Kijana akaaga. Mgeni husindikizwa, kwa hiyo kila mtu akainuka kwa namna yake. Isipokuwa mimi.

"Bibi, hunisindikizi?"

"Nenda tu, mwanangu. Lango unalijua."

Dobi akanisogelea, akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. "Inuka, we mwanamke, unatutia aibu."

"Napumzika."

"Mtu anapumzika amekunja uso hivyo?"

"Hivi ndivyo ninavyopumzika mimi."

Alinielewa. Akautazama ule mkunjo wa suruali, akautazama kwa muda, kama mtu anayemuaga ndugu anayesafiri. Kisha akapiga goti, mkunjo ukaenda, akanipa mkono. Nikauvuta. Akaja mzima mzima, akanidondokea, vifungo vya shati vikaruka huku na huku.

Afisa akakimbilia kutuvuta. Tukasikia kitu kinachanika, na sote tukajua ni suruali gani. Afisa naye akaanguka. Sofa likatumeza watatu bila hata kukohoa.

Hapo Dobi akapaza sauti. "Winchi! Winchi mwanangu, njoo! Hatujiwezi!"

Aliyeita ni yeye. Mimi sikuita. Hilo lieleweke.

Winchi akajibu kutoka chumba cha kufulia, bila haraka. "Nitoke sasa, au mgeni bado yupo?"

"Mgeni nimemkalia!" nikasema.

Akaja, akatung'oa mmoja mmoja kama mihogo. Halafu akaviokota vifungo, akavishona palepale, akamfunga Dobi shati mbele ya afisa. Safari hii Dobi hakutazama ukuta. Alimtazama Winchi.

"Kumbe ni kila siku?" afisa akauliza, amejifunga pazia kiunoni.

"Kila siku, mwanangu," Dobi akasema. "Lete hiyo suruali ishonwe, nikupigie pasi. Huwezi kurudi ofisini hivyo."

Afisa akakata yote aliyoandika, akaandika upya. Winchi amebaki, ila mpaka bajeti ijayo tu.

Sasa mimi nimemaliza yangu, bado ninyi. Bajeti itajadiliwa tena kwenye ukumbi wa halmashauri, na mkazi yeyote anaruhusiwa kuingia. Nendeni mkanyooshe mikono, mseme Winchi abaki. Na mwenye gari la mizigo aje alichukue hili sofa. Aje leo, na wanaume wawili wenye nguvu, kwa sababu nimelikalia ninapoandika, na Winchi ameenda sokoni.

Sijakwama. Napumzika. Lakini njooni upesi.