Mama Picha na mashine iliyobadili rangi ya marehemu

Saa mbili asubuhi, Mama Picha anafunua kitambaa kilichofunika printa yake, anatia karatasi moja na kusubiri akiwa amekunja uso. Mashine ipo juu ya meza ya zamani ya cherehani, kati ya kabati la vyombo na kitanda cha binti yake. Picha inapotoka, anaweka mkono wake kando ya uso uliochapishwa na kulinganisha ngozi na ngozi.

"Haitoki picha hapa bila kukaguliwa," anasema. "Mashine hii imeshanitia aibu mara moja. Mara ya pili hainipati."

Amepiga picha za harusi, mahafali na vitambulisho kwa miaka kumi na tisa. Karibu miaka yote hiyo alizipeleka kuchapishwa mjini na kuzifuata siku ya tatu. Mwaka jana, baada ya kudunduliza kwa miezi kumi na minne, alinunua printa ya picha za rangi ili afanye kazi yote nyumbani.

"Unachomeka, unabonyeza, basi," muuzaji alimwambia.

Picha zilitoka ziking'aa. Wa kwanza kuguna alikuwa wifi yake. "Wifi, hii mashine yako inachapisha au inapaka watu mkorogo?"

Walicheka wote wawili. Mama Picha anaposimulia hapo, sauti yake inabadilika. "Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Miezi miwili baadaye akafariki jirani yake, fundi mwashi. Picha nzuri ya marehemu ilikuwa moja tu, aliyompiga Mama Picha mwenyewe kwenye harusi moja. Aliichapisha kubwa, ikawekwa juu ya jeneza. Baada ya wiki moja mjane akabisha hodi, fremu ameiviringisha kwenye taulo.

"Mdogo wangu, sikuja kugombana," alisema. "Ila huyu si baba watoto. Mjukuu ananiuliza huyu ni babu wa nani."

Mama Picha akaitazama picha kama anaiona kwa mara ya kwanza. Mwanamume aliyekuwa mweusi tii alikuwa amegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Siku hiyohiyo aliibeba printa mpaka dukani. Muuzaji hakushtuka. "Mama, ina kiboreshaji. Inang'arisha sura yenyewe. Si watu wanapenda kutoka weupe?"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Na marehemu ulimuuliza?"

Wateja wakaanza kusogea. Muuzaji akamwomba apunguze sauti. "Nikamwambia, ulipokuwa unaniuzia, sauti yako ilifika barabarani. Leo acha na yangu ifike," anasimulia Mama Picha.

Alimtaka akizime hicho kiboreshaji. Muuzaji hakujua kinazimwa wapi, akataka kumuuzia karatasi za aina nyingine. Mama Picha akainyanyua mashine yake na kuondoka, machozi ya hasira yakimtoka.

Nyumbani, yeye na binti yake walikifungua kijitabu cha maelekezo. "Kurasa arobaini na nane, zimejaa picha za watu wanaotabasamu. Hakuna hata mmoja mwenye ngozi kama yangu. Hawakutusahau, mwanangu. Hawakutufikiria kabisa," alimwambia binti.

Iliwachukua siku tisa na karatasi sitini. Kiboreshaji kilikuwa kimewashwa tangu kiwandani, tena sehemu mbili: ndani ya printa na ndani ya kompyuta. Walikizima, wakajaribu kwa picha za mkono wa Mama Picha, kisha wa binti, kisha wa wifi, mpaka rangi zikakubali.

Mjane alipopelekewa picha mpya, aliishika kwa mikono miwili. "Sasa ndiye," akasema. "Hata ule ukaidi wake umerudi."

Mama Picha hakupoa. Alipekua kumbukumbu zake, akakuta watu themanini na saba waliochapishwa na mashine ile kabla hajagundua kasoro yake. Ameamua kuwachapishia wote upya, bure, na anawapelekea nyumba kwa nyumba. Mpaka sasa amefikia thelathini na wanne. Mwezi ujao anakusudia kuwaita wapiga picha wenzake wenye printa nyumbani, awaonyeshe mahali pa kuzima.

Si wote wanaomshukuru. Bibi harusi mmoja aliirudisha picha mpya. "Niache na ile ya kwanza, dada," alimwambia. "Nilipendeza."

"Maini yalinikatika," anasema Mama Picha, huku akiikausha picha nyingine kwenye mwanga wa dirisha. "Sikubishana naye. Nilimwachia zote mbili mezani kwake. Ana binti mchanga yule. Siku moja mtoto atataka kujua mama yake alikuwa na rangi gani siku ya harusi, na mimi nataka jibu alikute humo humo nyumbani kwao."