Tusi Nisilolitoa

Nilipokuwa mtoto, miaka ya sabini, kwetu Magamba hakuna aliyehitaji daktari kujua kwa nini mtoto ameota chunjua mdomoni. Alikuwa amemtukana mkubwa, basi. Dawa yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba ukipiga magoti, na kila mzee akupulizie maji kutoka kinywani mwake, mpaka apatikane yule uliyemkosea.

Zangu ziliota ndani ya mdomo wa chini, na moja kwenye ncha ya ulimi, vijinyama vyeupe vilivyokwaruza meno. Katekista aliziona siku tuliyofanya mazoezi ya kutoa ulimi kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza. Akanitoa kwenye mstari, akasema sitapokea mpaka niombe radhi.

"Umemtukana nani?" Bibi, mama yake baba, aliniuliza.

"Sijamtukana mtu."

"Hata moyoni?"

"Hata moyoni, Bibi."

Nilikuwa mkaidi, na ukaidi ule naupenda mpaka leo. Kupiga magoti halikuwa tatizo. Kilichonichoma ni kukiri tusi ambalo sikulitoa. Nililia sana, ila sikwenda.

Asubuhi moja Mama akajifunga kitenge, akamwambia Bibi, "Mama, nampeleka hospitali Mpanda. Kama ni tusi, daktari mwenyewe atasema hana dawa yake." Bibi akasema naye anakuja, asikie kwa masikio yake.

Daktari alinimulika kwa tochi, akavuta midomo, akagusa chunjua mojamoja. Halafu akasema, "Haya, nione mikono." Kidole changu cha shahada kilikuwa na chunjua mbili, zimetafunwatafunwa. Nilizing'ata darasani kila hesabu zilipogoma.

"Bibi, ugonjwa ni huohuo," alisema daktari. "Anang'ata za kidoleni, vijidudu vyake vinahamia mdomoni."

"Na tusi je?"

"Tusi halipo hapa."

Akanichoma sindano ya ganzi, akazikata, akamwagiza Mama anifunge kile kidole kitambaa nisikirudishe mdomoni. Iliuma kwelikweli, lakini sikutikisika.

Tuliporudi Magamba, Bibi hakuingia ndani. Alianzia kwa katekista, akaenda nyumba ya pili, na nyingine, akiwaambia wazee, "Mjukuu wangu hakumtukana mtu. Nyie na mimi tulimsingizia." Giza lilipoingia alikuwa bado anapita.

Komunyo nilipokea na wenzangu, ulimi ukiwa na kidonda. Tangu hapo nimejua wakubwa wengi, wenye elimu na vyeo vyao, na sijaona wa pili aliyetoka kwake kwa miguu kwenda kusafisha jina la mtoto. Bibi alibaki na imani zake mpaka anakufa, na tulibishana sana juu yazo. Lakini tangu siku ile mimi sikumficha jambo lolote.