Vigae Nilivyotwanga Makumbusho

Baba yangu alikuwa mtunza jumba la makumbusho, nyumba ndogo ya mawe kilimani, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Nakuru mjini. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufungua madirisha na kukaa na funguo. Tuliishi nyuma ya jumba hilo, chumba kimoja na jiko. Nyumba ilikuja na kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo ilikwenda. Na miaka ile ya hamsini, mzungu akitia sahihi ya kukufukuza kwenye kipande, kile kitambulisho cha kazi, huna lako tena mjini. Unarudi kwenu magharibi na godoro kichwani. Hilo hata sisi watoto tulilijua.

Likizo moja ya Agosti, memsabu aliyesimamia jumba aliamua kufundisha watoto sanaa. Wazungu nao walikuwa na mambo! Aliwaita watoto wa wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya upande wa Lanet, tukawa kumi na wawili, wengine vijana wakubwa waliokwisha kuvunja sauti. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wiki ya kwanza tulichora vitu vilivyofukuliwa pale kilimani: shanga, mifupa, mawe ya kusagia. Nilichora vibaya, na nasema hivyo bila haya. Jiwe langu lilifanana na mkate uliokaliwa.

Wiki ya pili tulifinyanga vyungu, na hapo ndipo kiherehere kiliponiingia. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi, nami nilikuwa nimekaa kwake miaka minne. Udongo aliotuletea memsabu niliushika mara moja nikajua haufai: laini mno, unanata. Udongo wa namna hiyo ukichomwa mtupu hupasuka. Nyanya alikuwa akichukua vigae, vile vipande vya vyungu vilivyovunjika, anavitwanga mpaka viwe chenga, halafu anavichanganya na udongo mbichi. Kwetu hakuna aliyetupa kigae. Ukivunja chungu, ulimpelekea mfinyanzi, naye alishukuru.

Je, nilimwambia memsabu? Thubutu! Nani angenisikiliza? Katika chumba cha nyuma, chini ya meza, kulikuwa na trei za mbao zimejaa vigae vyekundu, vikavu, vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilidhani vitu vya maana ni vile vilivyofungiwa kwenye kabati la kioo. Hivi vya chini vilikuwa na vumbi, nikaona hivi ndivyo vya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Wenzangu walipokwenda kula, nilichukua trei nzima nikaenda kuvitwanga nyuma ya jiko letu.

Wiki ya tatu vyungu vilikuwa vimekauka, tukavichoma kwa nyasi na samadi kavu. Lo! Vilipasuka kimoja baada ya kingine, pa, pa, pa. Majivu yalipopoa, kilichobaki kizima kilikuwa kimoja tu, changu. Memsabu alikigonga kwa ukucha, kikalia vizuri, akakiweka juu ya meza ya mlangoni ili wageni wakione. Nilivimba kichwa. Kijana mmoja mkubwa aliponiuliza nimefanyaje, nilimwambia akamwulize nyanya yake.

Kesho yake memsabu aliitafuta trei akaikuta tupu. Akamwita baba. Sisi tulikuwa barazani tunapaka rangi, mlango uko wazi, tukasikia yote.

"Wewe natupa vigae yangu?" aliuliza kwa kile Kiswahili chao.

Baba akaitikia. "Ndiyo, memsabu. Nilifikiri ni takataka."

Brashi iliniponyoka. Baba yangu hakuwahi kutupa hata msumari uliopinda! Memsabu akasema vigae vile vilikuwa vya watu wa kale, na mtu asiyejua mali na takataka hawezi kukaa na funguo. Alete kipande atie sahihi. Baba akakitoa mfukoni akakiweka mezani.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini haikunimeza, basi nikaingia ndani bila hodi. "Ni mimi," nikasema. "Nimevitwanga, nikavitia kwenye chungu changu."

Memsabu hakuniamini. Alidhani mtoto anamtetea baba yake, akaniambia nitoke. Nilitoka hadi meza ya mlangoni, nikakichukua chungu changu, nikarudi nacho, nikakipiga chini kwenye simenti mbele ya miguu yake. Niliokota kigae kimoja nikamwonyesha palipovunjika: ndani ya udongo mweusi, chenga nyekundu tele.

Alikipeleka dirishani akakitazama kwa kioo cha kukuza, muda mrefu. Akauliza ni nani aliyenifundisha, nikamtaja nyanya. Alinifokea kwa Kiingereza, halafu akakaa kitini akashika kichwa. Mwisho alimrudishia baba kipande chake bila kukitia sahihi. Mimi nikaambiwa nisikanyage tena darasani. Mabaki ya chungu changu aliyaokota mwenyewe, akayatia kwenye trei ile tupu.

Jioni nilimfuata baba akifunga madirisha. Nililia sana. Nikamwomba msamaha, nikamwuliza kwa nini alisema ametupa yeye wakati hakujua lolote.

"Nilijua," akasema, akihangaika na komeo la dirisha. "Nilipita nyuma ya jiko siku ile. Ulikuwa umekwisha kuvitwanga karibu vyote, na ulikuwa unaimba. Nikapita tu."