Bango Lililoongezewa Tabasamu

Mwalimu Notburga Haule alipewa kazi ya ushauri nasaha kwa kosa moja tu: siku ya kikao cha kugawa majukumu alikuwa Mfaranyaki kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku. Aliyekuwepo alichagua, asiyekuwepo akachaguliwa. Wenzake walijigawia michezo, usafi na chakula. Yeye aliporudi shuleni alikuta jina lake limebandikwa ukutani: Mlezi wa Wanafunzi. Semina hakupelekwa, chumba hakupewa. Alipewa faili tupu na pongezi.

Hiyo ni miaka minne sasa. Notburga ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa kwenye kijiji cha milimani kule Mbinga, binti wa wakulima wa kahawa waliomlea kwa upendo mwingi na maneno machache. Kwao mtoto aliyelia aliambiwa anyamaze, na aliyenyamaza alisifiwa kuwa ana adabu. Ualimu ulimleta Songea, ndoa ikamkalisha Bombambili, na kila asubuhi anapanda bodaboda kwenda shule moja upande wa Matogoro, ambako wanafunzi sabini na nane wa Darasa la Tano wanamsubiri. Ni mwalimu mzuri. Yeye mwenyewe anajua hivyo, na ukimuuliza atakwambia. Madaftari sabini na nane husahihishwa siku ile ile, hayalali. Hakuna mwalimu mwingine pale shuleni anayeweza kusema hivyo, na Notburga hachoki kuwakumbusha.

Sasa ikaja barua kutoka halmashauri. Kila shule ipeleke mabango kumi yaliyochorwa na watoto wenyewe, kuhusu mambo yanayowaumiza moyoni na namna ya kuomba msaada. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Barua ilimfikia Notburga Jumatatu mchana. Ilikuwa imelala wiki mbili mezani kwa mwalimu mkuu, Pankrasi Ndunguru, chini ya kikombe cha chai, na duara la kikombe lilikuwa limekaa vizuri kabisa juu ya muhuri.

"Wewe ndiye mlezi," alisema Pankrasi. "Jambo dogo hilo."

Jumanne Notburga aliingia darasani na karatasi za manila na kalamu za rangi, akafanya kosa ambalo walimu wengi wa nchi hii wangelifanya: akachora mfano ubaoni. Akachora msichana mwenye machozi matatu, na mwalimu aliyemshika bega. Chini akaandika, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akaenda kunywa chai.

Aliporudi alikuta wasichana sabini na nane, kila mmoja na machozi yake matatu. Hata doa la vumbi la chaki, pale alipofuta ubao kwa kiganja, walikuwa wamelichora.

"Henry, wewe ni msichana?"

"Hapana, madam."

"Mbona umechora gauni?"

"Ndivyo lilivyo ubaoni, madam."

Notburga alikasirika mpaka sikio likapata moto. Aliwakasirikia wao kwanza, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana Henry hakuwa na kosa. Tangu Darasa la Kwanza mtoto yule anafundishwa kuwa kilichoko ubaoni ndicho sahihi, na kilichoko kichwani mwake kinaweza kumletea fimbo. Leo umwambie atoe cha kichwani? Akitoe wapi?

Jumatano alifuta ubao, akaugeuzia mgongo.

"Leo hakuna mfano. Choreni kinachowauma."

Kuku wa jirani walisikika kama wako darasani.

"Madam, tuchore nini?"

"Chenu!"

"Chetu kipi, madam?"

"Kinachowauma! Si nimesema? Mtu akikuumiza moyo hujui?"

Alikuwa akiwafokea watoto waseme yaliyo moyoni, na kadiri alivyofoka ndivyo walivyozidi kuinama. Aliliona hilo, lakini alishindwa kuacha. Saa moja ikapita. Alipokusanya, alipata bendera za taifa kumi na tisa, mabasi, maua, nembo za Simba na Yanga, na helikopta moja. Angelia, ila watoto walikuwa wanamtazama.

Kisha akafika kwa Noela.

Noela alikuwa na miaka kumi na moja, mtoto wa hapo hapo Matogoro, mwenye sweta lililofumuka kwenye kiwiko na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wawili watatu. Hakuwa msumbufu. Na mtoto asiye msumbufu, katika darasa la watu sabini na nane, ni kama hayupo.

Alikuwa amechora meza. Juu ya meza mnara wa madaftari umepanda hadi darini. Nyuma yake mwalimu ameinama na kalamu, mdomo wake mstari mmoja ulionyooka. Mbele ya meza amesimama mtoto mdogo sana, ameachama, na mdomoni hamtoki kitu. Chini kumeandikwa, "Nilitaka kusema."

Notburga alilitazama bango lile mpaka kengele ikalia. Furaha ilimpanda. Hili ndilo! Halafu akamfikiria Rupert, mwalimu wa hisabati, anavyosahihisha bila kuinua kichwa, akacheka kimoyomoyo. Umepatikana leo, Rupert. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga hawakukosea.

Alhamisi baada ya vipindi aliyapanga mabango kumi ofisini kwa mwalimu mkuu. Tisa yalikuwa ya kujazia. Akatoka kumtafuta Noela ili mtoto aone kazi yake imewekwa ya kwanza. Waliporudi pamoja, Pankrasi alikuwa ameinamia bango, kalamu nyekundu mkononi, anaifunika kifuniko.

"Zuri sana hili," alisema. "Nimelirekebisha kidogo."

Mwalimu wa kwenye bango sasa alikuwa na tabasamu jekundu toka shavu hadi shavu. Maneno ya Noela yalikuwa yamekatwa kwa mstari wa rula, na juu yake kumeandikwa, "Mwalimu ni mlezi wangu."

"Mwalimu mkuu, umefanya nini?"

"Watu wa halmashauri wakiliona lile la kwanza watasema hapa kwetu walimu hawasikilizi watoto."

"Si ni kweli hatusikilizi?"

"Ndiyo maana lisiandikwe, Mwalimu Haule. Unaniletea maneno."

Notburga alitaka kumwambia mengi. Miaka minne ya faili tupu ilikuwa na maneno yake. Alimgeukia Noela ili apate shahidi, akamkuta mtoto analitazama lile tabasamu bila machozi wala hasira, kama mtu anayekagua hesabu yenye kosa.

"Lakini madam," Noela alisema taratibu, "siku ile hukucheka."

Notburga alidhani hakusikia vizuri. Kisha akasikia. Akaitazama upya ile meza. Rupert huketi dirishani, meza yake haina rundo. Mnara wa madaftari hadi darini, tena yasiyolala, ulikuwa wa mtu mmoja tu shuleni pale. Alikumbuka mwezi uliopita, saa za jioni, sweta la buluu limesimama mbele yake, na yeye bila kuinua macho akasema, "Subiri kidogo, Noela." Daftari lililokuwa mkononi lilikuwa la ngapi? La arobaini? Alipoinua kichwa hakukuwa na mtu, akaona ni vema, akaendelea. Nyani haoni kundule. Aibu ilimchoma.

Alivuta kiti, akaketi ili macho yao yalingane.

"Ulikuja kuniambia nini?"

Noela alimtazama mwalimu mkuu kwanza.

"Mwalimu mkuu, tupishe," alisema Notburga.

"Ofisini kwangu?"

"Tupishe, tafadhali."

Pankrasi alitoka, akasimama nje ya mlango. Noela alisema na sakafu.

"Tangu mdogo wangu afariki, mama haendi shamba. Haongei na sisi. Anaamka, anakaa kitandani mpaka jioni. Mimi napika, anaonja kidogo tu. Bibi anasema ni uvivu, eti watoto wanakufa kila siku na watu wanalima." Alivuta uzi wa sweta lake. "Nilitaka kukuuliza, madam. Ni ugonjwa, au ametuchoka?"

Mwezi mzima. Notburga alihesabu siku zile na akajichukia. Mtoto alikuja na swali moja tu, lenye maneno machache kuliko zoezi lolote aliloliwekea alama ya vema jioni ile.

"Hajawachoka," alisema, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Ni ugonjwa. Una dawa na una watu wa kuutibu. Chukua begi lako, twende."

Pankrasi aliwazuia mlangoni. "Na mabango? Kesho asubuhi yanatakiwa!"

"Yapeleke wewe. Yanatabasamu."

Walipanda bodaboda mshikaki, Noela katikati. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, mahindi yamesimama na magugu nyuma yake. Notburga alipiga hodi mara tatu. Mama Noela alitokea akiwa anajifunga khanga, amekonda, macho yamezama. Alimwona mwalimu, akamwona mwanawe, akashika mwimo wa mlango.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kuogopa, akauliza, "Amekosa nini?"

Ndivyo kila mzazi anavyouliza. Mwalimu akija nyumbani, mtoto amekosa. Katika miaka yake ishirini ya kazi, Notburga hakuwahi kubisha hodi kwa sababu nyingine.

"Marahaba, mama Noela. Mtoto hajakosa kitu," alisema. "Amekuombea msaada tangu mwezi uliopita. Aliyekosa ni mimi niliyeombwa."