Utomvu wa Mgomba

Niliacha shule darasa la saba, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, na tangu hapo nimewalea wadogo zangu. Kwetu Nyansiongo anayekulisha na kukuchapa ndiye mzazi wako, hata kama mmepishana miaka michache. Kwa hiyo kati yangu na wao kuna ensoni, ile aibu ya heshima inayomzuia mtoto kutaja mambo ya mwili mbele ya mzazi. Mambo hayo hupelekwa kwa nyanya, ambaye haoni haya mbele ya mjukuu yeyote.

Kitindamimba wetu ni mwalimu kule Suneka. Wiki chache kabla ya harusi yake alikuja nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Dada, mwambie yule mwanamume asilete ng'ombe. Siolewi."

Sikumwuliza sababu. Nilimtuma apeleke maziwa jikoni kwa nyanya. Punde nikasikia kicheko, kuku wakatoka mbio.

"Ati umelaaniwa!" nyanya alisema. "Ni chunjua tu! Kwani ngozi ya huko huenda kanisani?"

Nilisikia yote kupitia ukutani. Vijinyama vilikuwa vimemwota sehemu za siri, na sasa vilikuwa vinashikana kama koliflawa. Mchumba wake ndiye mwanamume pekee aliyewahi kuwa naye. "Ama ana mwingine," alilia, "ama akiviona ataniita mchafu."

Mimi nilipumua. Chunjua nazijua! Za vidole vya wadogo zangu wote niliziondoa kwa utomvu wa mgomba. Nikakinga utomvu kwenye kikombe, nikampa nyanya, nyanya akampa mgonjwa. Kwa ajili ya heshima, sikuangalia wala sikuuliza.

Kesho yake mwalimu wetu alitembea kama bata. Ngozi ilikuwa imebabuka.

"Dawa yako imeunguza mahindi ikaacha magugu," nyanya aliniambia.

Hapo nikaweka ensoni kando. Nilimshika mkono mdogo wangu, tukaenda kliniki mjini Kisii, nikaingia naye hadi chumbani.

"Nani amekupaka hii?" muuguzi aliuliza.

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, ngozi ya huko si ya kidole. Hata dawa ya dukani ya chunjua za mikono haipakwi huko."

Kisha akaketi akatueleza. Chunjua hizi huletwa na virusi vinavyopita ngozi kwa ngozi watu wanapolala pamoja. Virusi huweza kujificha miezi, hata miaka, kwa hiyo kuziona leo hakuonyeshi nani amemsaliti nani. Si saratani. Virusi vya saratani ya mlango wa kizazi ni ndugu zao wa ukoo mmoja, lakini mara nyingi si hivi vinavyoleta chunjua. Babuko lingepona kwanza, halafu apimwe mimba, kwa kuwa dawa ya kupaka haimfai mjamzito. Zikikataa dawa, hugandishwa au huchomwa. Zikirudi, naye arudi. Na mchumba aje aangaliwe.

Akanigeukia. "Wewe je, mlango wa kizazi umewahi kupimwa?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

"Hata msindikizaji ana kizazi. Panda kitandani."

Nikapanda. Mdogo wangu alinishikia mkoba, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Jumapili mchumba alikuja, mdogo wangu akamweleza yote uani, mimi nikichambua maharagwe karibu.

"Nilikuwa nazo kabla sijakujua," kijana alisema. "Zilitibiwa, nikadhani zimeisha. Niliona aibu kukwambia."

"Aibu yako imenifanya nipakwe utomvu wa mgomba!"

"Utomvu?" Akanitazama. "Huko?"

Maharagwe yakanimwagika. Mdogo wangu alijaribu kununa, akashindwa, wakacheka hadi wakaegemeana.

"Muulize ng'ombe ni wangapi!" nyanya alipaza sauti kutoka jikoni.

Walikuwa sita, nao walikuja. Siku tatu kabla ya harusi bibi harusi alitoka kliniki, akampita nyanya, akasimama mlangoni pangu, viatu miguuni.

"Dada, hakuna hata moja. Ni laini kabisa."

"Loo!" nyanya alilalamika nyuma yake. "Sasa mimi nitaambiwa nini?"