Jumapili Mama Alipotoka Kanisani

Leo fundi ameniletea mlango mpya, na harufu ya msonobari imenirudisha Mafinga, utotoni.

Baba alikuwa mchungaji, mama hakimu. Mama alimfunga jela seremala wa kanisa letu, aliyekutwa na magogo ya wizi. Jumapili iliyofuata, baba akasema madhabahuni, "Tumwombee ndugu yetu aliyehukumiwa bila huruma."

Mama, niliyekaa naye benchi la mbele, akanyanyuka polepole, akatoka.

Nyumbani baba alimfuata jikoni. "Mke wangu, nisamehe. Ulimi umeteleza."

"Haujateleza, mchungaji. Umesema lililokuwa moyoni," mama alijibu, akiendelea kumenya viazi.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani, na baba hakuwahi kumwomba arudi. Ila kila Jumamosi, mpaka baba alipostaafu, mama alilipiga pasi joho lake la kuhubiria.