Mtani Aliyepinga Uraia Wangu

Simu ilipigwa asubuhi, mimi nimeinamia beseni la nguo, mikono imejaa povu. Mume wangu Laurenti ndiye aliyeipokea. Alisema "ndiyo, afande" mara kadhaa, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunitazama. Ilikuwa ofisi ya uhamiaji, Lindi. Ombi langu la uraia lilikuwa limepita kijijini na wilayani, na sasa limesimama. Mtu mmoja wa hapa hapa Kipatimu alikuwa amemwambia ofisa kwamba mimi ni mwizi na nirudishwe kwetu. Tulitakiwa tufike kujieleza.

Dada zangu wa Voi, ninyi ndio mnaoniuliza kila mara kwa nini nahangaikia uraia wa watu, basi nawasimulia safari hii tangu mwanzo. Mnajua nilivyoondoka. Nilimfuata fundi seremala aliyekuja kutafuta kazi Mombasa, nikaishia kwenye vilima vya Wamatumbi, kusini mwa Tanzania. Miaka kumi na ushee nimeishi kwa kibali, na kila kilipokaribia kwisha usingizi ulinipaa. Nimezaa hapa, nimezika mkwe hapa, nimepanda michungwa ikazaa. Sheria ya huku haikuruhusu kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kuupata huu ni kuuacha ule niliozaliwa nao. Nilipoamua nililia sana. Nilipomaliza kulia nikawa na furaha ambayo hata mimi ilinishangaza, nikawa nahesabu vikao kama mtoto anayengoja sikukuu. Ndipo ikaja simu hiyo.

Tuliwapitia majirani wote kwa midomo yetu, mmoja mmoja, hatukumwona adui. Halafu Laurenti akajipiga paji la uso.

"Bi Somoe," alisema.

Bi Somoe ni mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, muuza makopa ya muhogo. Ukoo wake na ukoo wa Laurenti ni watani tangu enzi za mababu. Sisi Voi twataniana, lakini huku utani ni kazi ya mtu, hasa msibani. Baba mkwe alipofariki, sisi tukiwa tumekaa tunalia, Bi Somoe aliingia amevaa kofia ya marehemu, akakohoa kikohozi chake kile kile, akadai chai iliyojaa sukari, na akaapa hatoki mpaka alipwe deni la kumvumilia marehemu. Mimi nilikuwa mgeni wa mambo hayo, nikataka kumpiga. Nikashangaa kuona mama mkwe anacheka huku machozi yanamtiririka, na baada ya kucheka akaweza kula. Tangu siku hiyo Bi Somoe hajawahi kuniita kwa jina. Nikimwamkia shikamoo, hunijibu, "Marahaba, mwizi." Mwizi wa kijana wao Laurenti, ndiyo maana yake. Mimi hutabasamu tu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumrudishia hata neno moja, nikiogopa kukosea katika nyumba ya watu.

Tulimkuta anaanika makopa juu ya jiwe. Alikiri bila kuulizwa mara mbili. Kijana wa ofisini, mgeni wa mikoa ya mbali, alipita akimuuliza kama ananifahamu, naye akamjibu kama anavyomjibu kila mtu: huyo mrudisheni kwao, keshatuibia kijana, sasa anataka na nchi. Alicheka mwenyewe alipotusimulia. Laurenti alimweleza taratibu kwamba yule kijana alifanya kazi yake, aliyaandika kama alivyoyasikia, na kwamba maneno hayo ndiyo yaliyolisimamisha ombi.

"Ameandika kweli?"

"Ameandika, bibi."

Aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka na buibui lake la safari, akasema anakwenda Lindi mwenyewe.

Kesho yake alfajiri tuliondoka Kipatimu watatu, juu ya pikapu ya machungwa. Mvua zilikuwa zimeichimba barabara vibaya, na kwenye miteremko dereva alikuwa akituomba tushuke tutembee, nasi tulishuka bila kubisha. Nilikuwa na wasiwasi, sikatai, lakini pia moyo ulikuwa unaruka. Vilima vilikuwa vimefunikwa na ukungu, misheni inapiga kengele nyuma yetu, na harufu ya machungwa ilikuwa imetujaa mpaka kwenye nguo. Nilimwamkia Bi Somoe nikijiandaa kuitwa mwizi.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Umeamkaje?"

Nilihisi vibaya kuliko pale simu ilipopigwa. Aliniachia nafasi nzuri ya kukaa. Aliuliza hali ya mama yangu. Tulipofika Njia Nne, inapokutana njia yetu na barabara ya lami, alininunulia maji ya chupa na kunifungulia kifuniko. Laurenti alinikonyeza, hata yeye ilimtisha.

Saa nne hivi tulipata basi litokalo Dar es Salaam. Tulivuka daraja la Matandu, tukapita Nangurukuru, wauza korosho wakiinua vifurushi mpaka madirishani. Huko ndiko inakochepuka njia ya Kilwa Masoko, nilikokwenda mara ngapi sijui kwa ajili ya vibali na mahojiano. Safari hii tulipitiliza, na mimi nikaona raha ya kwenda mbele. Baada ya Mbwemkuru mikorosho ilituandama pande zote mbili. Kufika Mchinga bahari ikajitokeza ghafla upande wa kushoto, samawati iliyokolea, na mashamba ya chumvi yakimeta. Nilimshika Laurenti mkono nikamwambia nikipewa uraia nataka niletwe huku kutembea tu, bila faili kwapani. Bi Somoe alikuwa na pakiti ya ming'oko mapajani, vile viazi vya porini ambavyo wenyeji wa huku wanavipenda na mimi vilinichukua muda kuvizoea. Alinimenyea kimoja, akanipa. Siku nyingine angeninyima na kutangaza basi zima kwamba Mkenya hajui kula ming'oko. Nilikula lakini hakikushuka vizuri.

Jioni, Lindi mjini, tulipokewa na Mwanahawa, binamu yake Laurenti, anayekaa Mtanda, mtaa wa mlimani. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Anamfahamu Bi Somoe tangu utotoni, akakaa mkao wa kungoja vituko vyake, akangoja sana.

"Huyu mnamuuguza?" aliniuliza jikoni. "Mbona hajatukana mtu?"

Nilimweleza. Mwanahawa hakucheka. Alisema Bi Somoe anaogopa, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumwona akiogopa. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa peke yangu kwenye kesi hii. Bi Somoe angeweza kuwa ndiye aliyenifukuza nchini kwa mzaha, na alikuwa analijua hilo njia nzima.

Asubuhi tulishuka mlima kwenda ofisini. Ofisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, sare imenyooka. Alitukaribisha vizuri, akafungua faili, akatusomea ile sentensi. Iliposomwa na mtu wa serikali, ndani ya chumba chenye bendera, ilisikika kuwa nzito kweli kweli. Laurenti alianza kueleza habari za utani, ofisa akainua mkono na kusema anataka kumsikia aliyesema.

Bi Somoe alisimama ingawa aliambiwa akae.

"Afande, mgeni akija kwangu nampa kiti," alisema. "Nampikia, nachunga mdomo wangu, namuuliza za huko atokako. Huyu sijampa kiti tangu mkwewe afe. Huyu namtukana kila siku ya Mungu, na hanuni. Nitamtukanaje mtu wa watu? Ningemwambia yule kijana wako kwamba ni mgeni wetu, tunamheshimu, hapo ndipo mngeandika kwamba si wetu."

Kisha akasema, kwa sauti iliyopungua, kwamba kama maneno yake yamemharibia mtoto wa watu, yuko tayari kuyala yote hapo hapo.

Niliona ametaja "mtoto wa watu" bila kukusudia. Iliniuma. Ofisa naye alikuwa amenigeukia.

"Huyu bibi amekuita mwizi mbele ya serikali. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Kipatimu. Nilikuwa na majibu ya heshima, na majina ya viongozi wa kijiji wanaonifahamu, na miaka ya ndoa yetu. Yote yakapotea. Nilimtazama Bi Somoe, mikono yake ameikunja mbele ya buibui, kichwa ameinamisha, na nikajua kama sitamjibu leo sitamjibu tena.

"Kweli niliiba, afande," nilisema. "Lakini kitu chenyewe nilikikuta kimetupwa. Hakuna aliyekuwa anakitafuta."

Nikaona nimejimaliza mwenyewe. Halafu Laurenti, huyo niliyemkuta ametupwa, akaanza kutikisika mabega. Bi Somoe aliinua kichwa. Alinitazama kama mtu aliyesikia jiwe linasema, akapiga kelele ya kicheko iliyomleta askari wa mlangoni, akanipa mkono, akaukamata wangu na kuutingisha mpaka bangili zikalia.

"Afande, umemsikia?" alisema. "Miaka yote nilidhani hana ulimi."

Ofisa alijikaza, lakini midomo ilimsaliti. Alisema kwao nako watani wapo, na kwenye msiba wa babu yake walimfungia yeye chumbani wakadai mbuzi. Akamwita yule kijana, Bi Somoe akaeleza upya, safari hii kwa utulivu na bila mapambo, na maelezo yakaandikwa na kusomwa. Pingamizi likaondolewa. Ofisa alituambia ombi litaendelea kama mengine, uamuzi si wake, tungoje. Tulipokuwa tunatoka alimwomba Bi Somoe, kwa hisani yake, watu wa serikali wakirudi Kipatimu asiwatanie.

Kurudi kulikuwa sherehe. Kuanzia stendi ya Lindi mpaka Mchinga Bi Somoe alikuwa amewatangazia abiria wote kwamba anasafiri na mwizi aliyekiri mbele ya afande. Kondakta aliuliza kama nishushwe. Nikasema nishushwe pamoja na bibi huyu, maana ndiye anayenitunzia mali. Nilikuwa nabuni huku nayumba, kama mtu anayejifunza baiskeli, na kila jibu lilipokubaliwa nilitaka jingine. Ming'oko iliyobaki aliila peke yake mbele ya macho yangu. Sijawahi kufurahia kunyimwa chakula namna ile.

Miezi ilipita, michungwa ikatoa maua. Kisha tuliitwa tena Lindi, mimi na Laurenti peke yetu. Nilikuwa nimeukana rasmi uraia wangu wa zamani. Nikala kiapo, mkono juu, nikakimaliza neno kwa neno. Nilimkumbuka mama, nikawakumbuka ninyi, na nyumba yetu chini ya milima ya Taita. Sikujiona nimewaacha. Nilijiona nimefika mahali nilipokuwa nimeshakaa siku nyingi. Nilichojifunza kwenye njia hii yote ni kwamba karatasi ilikuja nyuma. Watu walikuwa wameshanikubali zamani, msibani, mimi nikiwa bado nataka kumpiga mtu, na kilichobaki kilikuwa zamu yangu ya kuwajibu.

Tulifika Kipatimu alasiri. Uani kwetu majirani walikuwa wameshatandika mkeka, mama mkwe anapiga vigelegele, kila mtu ananipa hongera. Bi Somoe alikuwa amesimama pembeni amevaa kanga mpya. Aliingia ndani ya nyumba yangu, akatoka na kigoda changu, akakifuta kwa upindo wa kanga na kukiweka mbele yangu. Akaniletea maji kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni wetu," alisema, amenyoosha uso. "Starehe. Za huko utokako?"

Watu waligeuka kunitazama. Nilipokea maji, nikaketi kwenye kigoda, nikanywa polepole.

"Huko kwema, mwenyeji wangu," nilisema. "Nimepita tu. Mna kijana mwingine mliyemtupa?"

Bi Somoe akakivuta kile kigoda nikiwa bado nimekikalia, akaenda kukikalia yeye, na mimi nikaangukia mkekani katikati ya wenzangu.